OILI NI ROHO YA INJINI
Gari za Dizeli za Kisasa na Mafunzo Tuyapatayo Ufipa

Ndugu Wanachama,

Msimu wa karafuu unapokaribia, maswali yanayotufikia huwa ni ya majamvi, magunia, wachumaji na bei. Mara hii limezidi moja, nalo ni la gari. Wanachama kadhaa wamekwisha kununua pikapu na gari ndogo za mizigo za dizeli zilizokwisha kutumika, ili wachukue karafuu zao wenyewe kutoka shamba mpaka kituoni. Wengine wameleta shauri kwamba Chama kinunue gari moja ya shirika kwa ajili ya matawi yasiyo na usafiri. Shauri hilo litawekwa mbele ya mkutano mkuu. Kabla hatujanyoosha mikono kukubali au kukataa, twaona yafaa sote tulifahamu jambo ambalo muuzaji hapendi kulitaja, na mnunuzi husahau kuliuliza: gari hiyo hula oili kiasi gani, na nani atakayeitazama?

Tumependa kulieleza jambo hili kwa mfano wa nchi iliyo mbali na pwani yetu, nayo ni Ufipa. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, wakulima wa huko, kama sisi, mazao yao hayana thamani mpaka yafike sokoni, na njia ya kufika ni gari ya dizeli. Pili, nchi ile huijaribu injini kwa kila jaribio: mlima, vumbi, baridi, uzito na masafa. Linaloharibika kwetu kwa miaka kumi, huko huonekana kwa miaka miwili.

NCHI YENYEWE

Mji wa Sumbawanga ni makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, mkoa ulioanzishwa mwaka 1974. Umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, baina ya maziwa mawili: Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Uwanda huo uko kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari, na milima ya Mbizi iliyo jirani na mji hupita mita 2,400. Maziwa yale yako chini sana, kiasi cha mita 800 tu. Kwa hivyo mtu ashukaye Muze katika bonde la Rukwa, au Kasanga penye bandari ya Ziwa Tanganyika, huteremka kiasi cha mita 1,000, na kurudi sharti azipande tena akiwa na mzigo.

Wafipa ni wakulima hodari wa mahindi, maharage, ulezi na ngano. Zamani walikuwa pia wafua chuma mashuhuri, wakiyeyusha mawe ya chuma katika matanuru ya udongo marefu kuliko mtu. Mkoa wao ulihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa ile mikoa minne mikuu ya mahindi. Lakini reli haifiki Sumbawanga. Reli ya TAZARA hupita Tunduma, mwendo wa kilomita 220 hivi kutoka mjini, na tawi la Reli ya Kati huishia Mpanda. Barabara ya Tunduma ilitiwa lami kwa msaada wa Marekani uliotokana na mkataba wa mwaka 2008, na hilo limewapunguzia watu taabu kubwa. Hata hivyo njia nyingi za vijijini bado ni za udongo, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua.

Watu husema kwamba maana ya jina Sumbawanga ni "tupa uchawi". Jina hilo lafaa liandikwe juu ya mlango wa kila gereji, kwani hata huku kwetu mtu gari yake ikifa njiani hutafuta jicho la hasidi kabla hajachomoa kijiti cha kupimia oili.

DIZELI YA LEO SI YA JANA

Mjerumani Rudolf Diesel alipewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1893, na mashine yake iliyofanikiwa ilionyeshwa Augsburg mwaka 1897. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ndogo ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya njugu nyasa, jambo ambalo mkulima yeyote atalifurahia. Asili ya kazi yake haikubadilika. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikawa ya moto mkali, na dizeli ikinyunyizwa humo huwaka yenyewe bila cheche.

Kilichobadilika ni vyombo vinavyoizunguka. Mwaka 1997 ilitoka gari ya Alfa Romeo 156 ambayo dizeli yake huwekwa katika bomba moja lenye shinikizo kubwa linalolisha nozeli zote, na leo karibu gari zote mpya za dizeli ni za mtindo huo. Shinikizo la bomba hilo katika gari nyingi hufika kipimo cha 2,000 na kupita, hali gurudumu la gari ndogo hujazwa kipimo cha 2 na kitu. Kisha pana turbo, pangaboi ndogo inayozungushwa na moshi ili isukume hewa nyingi katika silinda. Nayo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja juu ya utando mwembamba wa oili. Na gari nyingi zitokazo Ulaya na Japani zina chujio la masizi katika bomba la moshi.

Vyombo hivi hutoa nguvu nyingi kwa dizeli kidogo. Walakini vyote vyataka oili safi, ya namna yake, kwa kiasi chake. Injini kuukuu ya lori la zamani ilikuwa kama punda: ukimnyima leo, kesho bado atakwenda. Injini ya leo haina subira hiyo.

KAZI YA OILI, NA INAKOKWENDA

Oili ina kazi nne. Hulainisha vyuma visisagane. Huchukua moto kutoka mahali ambapo maji ya radieta hayafiki. Huziba nafasi baina ya ringi za pistoni na silinda. Na huchukua masizi na uchafu ili usigande ndani. Kwa sababu ya kazi hii ya nne, oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache baada ya kubadilishwa. Asikutishe fundi kwa weusi peke yake. Oili nyeusi ni oili inayofanya kazi.

Tena si kweli kwamba injini nzima haili oili kabisa. Kila injini hula kidogo. Nyingine hupita kandokando ya ringi ikaungua, nyingine hupita katika sili za valvu, nyingine huvukizwa na turbo, na nyingine huvuja nje kwa gesketi iliyochoka. La kujua ni kiasi. Vitabu vya watengenezaji wengi hukubali mpaka lita 1 kwa kila kilomita 1,000, lakini huo ni mpaka wa mwisho tu. Injini yenye afya haifiki hata nusu ya hapo, na nyingi haziongezwi kitu baina ya sevisi mbili.

Sasa tazameni hesabu hii. Baina ya alama ya juu na alama ya chini ya kijiti, katika pikapu nyingi, pana oili kiasi cha lita moja mpaka moja na nusu. Kutoka Sumbawanga mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Gari inayokula lita 1 kwa kilomita 1,000, ambayo kitabu chasema bado ni nzima, yaweza kuanza safari ikiwa imejaa na kufika mjini oili ikiwa katika alama ya chini, kwa safari moja tu. Ndiyo maana dereva mwangalifu wa Ufipa hutazama kijiti chake kila alfajiri, injini ikiwa baridi na gari imesimama mahali sawa, kabla hajanywa chai.

Kisiwani petu mambo huenda kinyume. Pemba yote kutoka kaskazini hata kusini haifiki kilomita 70. Gari yenye maradhi hayo hayo itakwenda miezi miwili kabla haijashuka hapo, na mwenyewe atakuwa amekwisha kusahau siku aliyotazama mara ya mwisho. Uchache wa masafa hautuponyi. Hutusahaulisha tu.

VUMBI NI MCHANGA WA KUSAGIA

Tulipokuwa Sumbawanga tulisimuliwa khabari ya mfanyabiashara mmoja wa mahindi, nasi twaileta hapa kwa kuwa ina mafunzo yote kwa pamoja. Alinunua pikapu iliyotumika, nzuri kwa macho. Chujio lake la hewa lilikuwa limepasuka pembeni, naye akaona ni kitu kidogo, kitangoja mavuno yapite. Kiangazi chote injini ikavuta vumbi. Vumbi likiingia katika silinda huchanganyika na oili likawa kama mchanga wa kusagia. Likakwangua ringi na kuta za silinda. Baada ya miezi, moshi wa buluu ukaanza kuonekana asubuhi. Akaongeza oili, leo ya namna hii, kesho ya namna ile, bila ya kuandika popote.

Siku moja alikuwa akipanda kutoka bonde la Rukwa akiwa na mzigo uliozidi. Taa nyekundu ya oili ikawaka. Akajisemea kwamba atasimama akifika juu. Hakufika. Beringi za krankshafti zilikamata katikati ya mlima, na magunia yalilala kando ya njia siku mbili katika mvua za mwanzo. Fedha alizopata kwa mahindi yaliyosalia alinunulia injini nyingine kuukuu. Chujio lililoanzisha yote hayo bei yake haifiki hata bei ya gunia moja la mahindi.

Ndugu, ishikeni hii: taa nyekundu haielezi kwamba oili inapungua, yaeleza kwamba shinikizo limekwisha kuanguka. Ikiwaka, simama hapo hapo na uzime injini, hata kama nyumba yako waiona kwa macho.

Pana jambo jingine la milimani. Juu ya uwanda ule hewa ni nyepesi, imepungua yapata sehemu moja katika tano ukilinganisha na ya pwani. Injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu na kutoa moshi mweusi. Yenye turbo hujaribu kulipa upungufu huo kwa kuzunguka kwa kasi zaidi. Kwa hivyo dereva akimaliza mlima huiacha injini ingurume polepole dakika moja au mbili kabla ya kuizima, ili oili iendelee kuipoza turbo. Akizima ghafla, oili iliyobaki mle huungua ikawa makaa, na beringi za turbo hufa upesi. Nasi tukipanda vilima vyetu na mzigo wa magunia, ada hiyo yatufaa vile vile.

OILI IKIZIDI SI BARAKA

Baadhi ya wanachama wametwambia kwa furaha kwamba gari zao hazipunguzi oili, bali kila wakitazama waikuta imepanda. Hilo ni onyo kubwa. Oili haizai. Ikiongezeka, kitu kingine kimeingia ndani yake.

Kama imekuwa rangi ya maziwa au chai ya maziwa, ni maji ya radieta, na gari isiwashwe tena mpaka fundi aione. Kama imekuwa nyepesi na yanuka dizeli, yaweza kuwa nozeli yavuja, au ni kazi ya lile chujio la masizi. Chujio hilo hujisafisha kwa moto: kompyuta ya gari hunyunyiza dizeli ya ziada ili joto la moshi lifike kiasi cha digrii 600, na masizi yaungue. Kazi hiyo yataka mwendo wa mfululizo wa robo saa hivi. Dereva akikatiza kila mara kwa safari za kutoka sokoni mpaka msikitini, masizi hayaishi, na sehemu ya ile dizeli huteremka katika sampu. Oili iliyochanganyika na dizeli haina nguvu ya kuvitenga vyuma.

Tena ikizidi sana, yaweza kuvutwa na injini ikaungua kama dizeli. Hapo injini hukimbia yenyewe, na ufunguo hauwezi kuizima kwa kuwa haina cheche za kukatwa. Gari ya gia za mkono, kama bado umo ndani, huzimwa kwa kukanyaga breki kwa nguvu, kutia gia kubwa kuliko zote na kuachia klachi. Ikishindikana, ondokeni karibu nayo. Kuinama juu ya injini ya namna hiyo ni khatari ya roho.

Gari yenye chujio hilo, basi, mara kwa mara ipewe safari ndefu ya mfululizo, na itiwe oili yenye majivu machache, kwani majivu ya oili hayaungui kama masizi, hubaki yakaziba. Tazama katika kitabu cha gari alama zinazotakiwa. Gari nyingi za Kijapani zenye chujio hutaka alama ya DL-1, na za Ulaya hutaka alama zinazoanza na herufi C za ACEA. Gari ya zamani isiyo na chujio mara nyingi hutosheka na 15W-40. Namba ya kwanza, yenye herufi W, ni ya wepesi wa oili wakati wa baridi. Ya pili ni ya uzito wake injini ikipata moto. Asubuhi za Juni na Julai Ufipa ni za baridi kali, ndiyo maana namba ile ya kwanza huangaliwa sana huko. Kwetu ya pili ndiyo yenye kazi.

RATIBA YA SEVISI

Vitabu vya Ulaya huruhusu kilomita 15,000 hata 30,000 baina ya sevisi. Hesabu hizo ni za barabara safi na mwendo wa sawa. Vumbi, milima, mzigo mzito, na kadhalika safari fupi fupi, vyote huitwa hali ngumu katika vitabu hivyo hivyo. Mfipa ana matatu ya mwanzo. Sisi tuna la nne, na juu yake tuna joto na chumvi ya bahari. Kwa hivyo twashauri hivi:

1. Kila wiki, na kila siku wakati wa msimu: tazama oili, maji ya radieta, na chini ya gari kama pana tone.

2. Kila kilomita 5,000 au miezi 6, lolote litakalotangulia: badilisha oili na chujio lake pamoja. Kutia oili mpya katika chujio chafu ni kumwogesha mtoto na kumvika nguo ile ile.

3. Kila sevisi: fungua chujio la hewa. Likiwa na vumbi lipulizwe kutoka ndani kwenda nje. Likipasuka au kulowa, litupwe.

4. Kila mwezi: mwaga maji yanayokaa chini ya chujio la dizeli. Nozeli za kisasa haziwezi kustahimili maji wala kutu. Na dizeli ya kwenye chupa na madebe yasiyojulikana usiitie. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mwaka 2015 kilikubali sehemu 50 tu za kiberiti katika milioni. Ya magendo haina kiwango.

5. Mkanda wa taimingi, kwa injini zenye mkanda: ubadilishwe kama kitabu kisemavyo, nyingi baina ya kilomita 100,000 na 150,000. Ukinunua gari isiyo na khabari ya mkanda wake, hesabu kwamba umekwisha.

Na anayetaka kujua gari yake hula kiasi gani, afanye hivi. Ajaze oili mpaka alama ya juu, aandike namba ya kilomita, aende kilomita 1,000, kisha ajaze tena kwa kibweta chenye vipimo. Kiasi alichoongeza ndicho jawabu.

Atazame na moshi pia. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni dizeli iliyokosa hewa. Mweupe usiokoma injini ikiwa na moto, mara nyingi ni maji.

OILI CHAFU NA KARAFUU

Oili iliyomwagwa ndani ya injini isimwagwe juu ya ardhi. Visima na chemchemi zetu haziko mbali na mizizi ya mikarafuu yetu, na oili kidogo huharibu maji mengi. Iwekwe katika dumu lenye kifuniko na kurudishwa kwa wanaoikusanya. Tena dumu la oili au la dizeli lisipandishwe gari moja na magunia. Karafuu hushika harufu upesi, na karafuu inayonuka gereji haina daraja.

SHAURI LETU

Tukirudi kwenye gari ya shirika, hatusemi isinunuliwe. Twasema ihesabiwe kwa ukamilifu. Pikapu hutiwa oili lita 6 mpaka 8, tushike 7. Ikiwa hula lita 1 kwa kilomita 1,000, basi kwa kila kilomita 5,000 yataka lita 7 za kubadilisha na 5 za kuongeza, jumla 12. Iliyo nzima yataka 7 na kidogo. Tofauti hiyo, mwaka baada ya mwaka, ndiyo bei ya kweli ya gari iliyoonekana rahisi.

Kwa hivyo Kamati yaomba mkutano ukubali masharti matatu kabla ya kutoa hata senti moja. Kwanza, gari ijaribiwe na fundi asiye wa muuzaji, injini ikiwa baridi tangu usiku. Pili, katika kila mzigo utakaochukuliwa pakatwe fungu la oili na machujio, nalo lisiguswe kwa jambo jingine. Tatu, gari iwe na daftari, na dereva aandike kila siku kilomita, oili aliyoongeza na namna yake, na katibu wa tawi alitie sahihi kila Ijumaa. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila khabari.

Gari ya shirika ni amana ya watu wengi, na kitu cha wengi aghlabu hukosa mwenye kukitazama. Karafuu iliyochumwa leo haingoji. Ikikosa gari na kurundikwa shambani huvunda, na jasho la mwaka mzima huanguka daraja kwa siku mbili. Wenye gari zao wenyewe nao wasingoje mkutano. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, wachomoe kile kijiti, wakipanguse kwa kitambaa safi, wakirudishe, wakichomoe mara ya pili, na wasome.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama